Tabaga la Mama Halirudi Tupu

Kwanza nilisikia mtu anatafuna.

Nilikuwa nimefumba macho, hedifoni zimenibana masikio, na ile sauti ya chingamu ikanijaa kichwani kama mbuzi anayekula mfuko wa plastiki. Kiti kikakwaruza sakafu. Bwana Emma akakohoa, akasema kwa Kiswahili chake cha kupima kila neno:

"Haya, Shakul. Sema jina lako, sema namba yako, halafu tuambie utungo wako. Dakika tatu."

"Shakul Isiko," ikajibu sauti ya kijana. "Namba sifuri kumi na nne." Akatafuna mara mbili, tatu, kisha akaanza:

"Nimezaliwa Wanale, jiwe maji hupasua,
Sikujua siku ile, mto utanichukua,
Macho yako yale yale, usingizi yameua,
Tabaga la mama lile, wewe utalifunua."

Nikafumbua macho.

Mistari ile niliiandika mimi. Niliiandika Desemba, kwa wino wa buluu, nimekaa barazani kwa mama yangu Mbale, mvua ikipiga mabati na mwamba wa Wanale umezama katika ukungu. Niliiandikia mtu mmoja tu duniani. Hakuna shule iliyonifundisha kuhesabu mizani. Nilijifunza peke yangu, kwa kugonga vidole mezani, nane huku na nane kule, miaka mitano, mpaka mama akadhani nina ugonjwa wa vidole. Na sasa maneno yangu yalikuwa mdomoni mwa kijana wa miaka kumi na minane, yamelowa mate na chingamu.

"Nikiwa mbali nawe," akaendelea Shakul, "asali huwa shubiri..."

Hata upungufu wangu aliubeba. Kipande kile cha kwanza kina mizani saba badala ya nane. Nilikiacha vile makusudi, kisikike kama mtu aliyeishiwa pumzi. Shakul hakuishiwa pumzi. Alimeza mate, nikasikia.

"Vizuri sana," akasema Bwana Emma, ambaye kwa kweli ni mwalimu wa hesabu. "Sasa swali. Tabaga ni nini?"

Kutafuna kukasimama kwa mara ya kwanza.

"Ni kama... turubai, bwana."

"Turubai?"

"Ya kufunika. Mvua ikikuja."

"Na mama yako analo?"

"Mama anauza simu, bwana. Iko na duka Main Street."

"Kumbe ulizaliwa Wanale?"

"Mimi? Hapana, bwana. Mimi nimezaliwa hapa Jinja. Hiyo ni... hiyo ni ushairi."

Ningekuwa mtu mwingine ningecheka. Nilivua hedifoni, nikaziangalia kama mtu anavyoangalia kijiko alichokwisha kukitia mdomoni halafu akaambiwa mbwa alikilamba. Chai yangu ilikuwa mezani. Niliimwaga dirishani.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Katika shule yetu ya kimataifa, hapa kwenye kilima cha barabara ya Budondo, wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho hawafanyi mtihani wa kuandika peke yake. Kila mmoja hutunga kitu chake mwenyewe, hukisema mbele ya mwalimu, akahojiwa na kurekodiwa. Rekodi husafirishwa nje ya nchi kwa watahini. Lakini kwanza mimi, mwalimu wa Kiswahili, nazisikiliza zote na kuweka saini chini ya sentensi moja: Nathibitisha kwamba kazi hii ni ya mwanafunzi mwenyewe. Wiki iliyopita nilikwenda Mbale kumzika shangazi yangu, ndipo Bwana Emma, mratibu wa madarasa hayo, akawarekodi wanne waliobaki. Fomu tatu nilikwisha kuzitia saini. Ya nne ilikuwa ya Shakul, na rekodi zilitakiwa kuondoka Jumatatu saa sita mchana.

Shakul ni mdogo wake Twaibah. Na Twaibah ndiye yule mtu mmoja duniani.

*

Nilimkuta maabara, anaosha mirija ya kioo. Yeye anafundisha kemia. Alikuwa amefunga mtandio wake wa kijani nyuma ya shingo ili usiingie kwenye tindikali, mikono imejaa povu, na aliponiona akatabasamu kwa macho kwanza, kama kawaida yake. Yale macho. Kwa miezi kumi na minne yamekuwa yakinifanya nisahau nilichofuata chumbani.

"Wee Mnubi," akasema, "mbona unaingia kama polisi? Leo ni siku yako ya kula kwetu. Baba amechinja mbuzi."

"Nikiwa mbali nawe," nikasema, "asali huwa shubiri."

Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Alijua. Sikuhitaji kuuliza swali lingine, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Nilikuwa nimepanda ngazi zile nikimwomba Mungu iwe Shakul aliyaiba mashairi yale kwake.

"Umesikiliza," akasema.

"Ni kazi yangu kusikiliza, Nangobi."

"Usiniite Nangobi."

"Ndilo jina lako la ukoo."

"Unaniita hivyo ukitaka kunipiga kwa mdomo." Alikausha mikono kwenye koti jeupe, polepole, kidole kwa kidole. "Fadhul, kaa chini."

"Nitasimama."

"Basi simama. Jumanne ile wewe uko msibani, Shakul hana hata mstari. Alikuwa na ukurasa mmoja tu, ameandika 'Mimi ninapenda mpira' mara tatu. Alilia. Umewahi kumwona Shakul analia? Baba akasema, mbele yetu sote, mezani: 'Mwalimu ambaye mwanangu anaanguka katika somo lake hatakula wali wangu, na binti yangu hatamwona.' Nilifanya nini mimi? Nilikuwa na daftari langu la mashairi yako chini ya mto."

"Ukampa."

"Nikampa mashairi mawili. Nilidhani atabadilisha majina. Nilidhani ni Emma atakayesikiliza. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Yetu!" Nikacheka, na kicheko changu mwenyewe kikanichukiza. "Ulimpa mdogo wako alale katika kitanda changu, halafu unasema umekitandika kwa ajili yangu."

"Ni maneno, Fadhul! Karatasi! Nina daftari zima la maneno yako. Una mengine elfu."

"Nilikuwa nayo."

Hapo ndipo alipoacha kupigana. Aliangalia sakafu, na mimi nikaangalia mkono wake wa kushoto, pale kwenye kovu dogo la moto wa maabara, mahali ambapo kwa mwaka mzima nimekuwa nikitamani kuweka kidole changu na sijathubutu. Mwili wangu ulimtaka. Tumbo langu lilimkataa. Sikujua mtu anaweza kugawanyika hivyo akiwa bado amesimama wima.

"Niliyasoma mashairi yako mara ngapi, unajua?" akasema kwa sauti ya chini. "Mpaka kurasa za daftari zikaanza kuchanika."

"Na Shakul aliyasoma mara ngapi? Alisema tabaga ni turubai."

Alijiziba mdomo. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

"Utaweka saini?" akauliza.

"Wewe unataka niweke?"

Hakujibu upesi. Ningemsamehe kama angejibu upesi, jibu lolote.

"Ukiweka," akasema, "leo baba atakupa siku ya kuleta wazee wako kutoka Mbale. Usipoweka, sijui. Hiyo ndiyo kweli yote niliyo nayo."

*

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda kwao Masese. Ningeweza kukaa nyumbani. Lakini nimelelewa kwamba mtu akikualika, unakwenda kumkatalia usoni, si kwenye simu.

Hajji Zubairi Isiko ni mfanyabiashara wa mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, na uani kwake walikuwa wametandazwa juu ya nyavu, wanang'aa kama misumari mipya. Harufu yake siku zote naipenda, ni harufu ya nyumba ya Twaibah. Siku ile nilipita nimeziba pua.

Ukutani sebuleni, juu ya kalenda ya msikiti, lilining'inia tabaga la mama yangu.

Lazima niseme tabaga ni nini, maana Shakul hajui. Ni kawa pana la majani yaliyosukwa, nyekundu, zambarau na manjano, ambalo wanawake wa Kinubi hufunikia chakula. Babu zetu walikuja Uganda na jeshi kutoka Sudan, na bibi zetu wakaja na sindano zao. Mama alilisuka hili wiki sita. Siku ya Idi alilituma kwa Hajji likiwa limefunika sinia la chakula. Kwetu hilo ni swali. Nyumba ikikubali posa, tabaga hurudi na kitu juu yake, hata punje moja ya mchele. Likirudi tupu, watu hunywa chai yao na habari huishia hapo. Nilimweleza Hajji desturi hiyo mimi mwenyewe, akatikisa kichwa kwa adabu. Akalipigilia msumari ukutani kama picha. Miezi miwili mama yangu alikuwa akiniuliza kwa simu, "Limerudi?" nami nikajibu, "Bado, mama, wanalipenda."

"Mwalimu!" Hajji akainuka. Ni mtu mkubwa, mwenye sauti laini. "Karibu, karibu. Umechelewa, wali unapoa."

Tukala. Mama Shakul, yule wa duka la simu, alinipakulia mbuzi bila kuniangalia. Shakul alikuwa pembeni anatafuna, na mara hii sikujua ni nyama au ni ile chingamu. Twaibah alileta maji ya kunawa. Alipomimina, macho yetu yalikutana juu ya birika, na ilikuwa kama kugusa waya. Nikayaondoa yangu kwanza.

"Mwalimu," akasema Hajji akijifuta midomo, "nasikia kuna karatasi moja inakusubiri."

"Ndiyo, Hajji."

"Karatasi ni kitu kidogo."

"Wino wake ni mwingi."

Akacheka. "Unaona? Ndiyo maana wasichana wanawapenda ninyi walimu. Mimi Kiswahili sikukisoma shuleni. Nilikisikia nikiwa nimelala kifudifudi barabarani, kiatu cha afande kiko hapa." Akagusa shingo yake. "'Lala chini! Toa kitambulisho!' Nikaapa, hiyo lugha haitaingia nyumbani kwangu. Sasa kijana wangu anaisoma kwa sababu shule ilisema chagua lugha, naye akadhani ni rahisi. Na binti yangu anataka kuolewa nayo. Mungu ana utani wake."

Kwa muda mfupi nilimwonea huruma, na nikaona aibu ya kitu ambacho sikukifanya mimi, bali askari wa zamani, wengi wao Wanubi wenzangu.

"Nasikitika, Hajji," nikasema. "Kwa kweli."

"Basi tusaidiane." Akaegemea mbele. "Weka saini. Jumamosi ijayo lete wazee wako. Sitawauliza maswali mengi. Mkwe akimfichia mkwe, huo ndio ukoo."

Nilimtazama Twaibah mlangoni. Midomo yake ilisema kitu bila sauti. Sikuelewa. Nilichoelewa ni mkono wangu, uliokwenda mfukoni, ukatoa fomu ya nne, ukaikunjua mezani kati ya mifupa. Nilikuwa na kalamu. Nitasema ukweli: nilitoa na kifuniko chake.

Lakini pembeni Shakul akapasua puto la chingamu.

Pa!

Ilikuwa sauti ndogo tu. Lakini nilimsikia tena ndani ya masikio yangu, "usingizi yameua," na mate yale. Nikaona maisha yangu yote, kila Idi, kila harusi, nimeketi mezani pale nikila nyama, na kila mtu mezani anajua bei niliyomnunulia mke wangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nanuka, wala si dagaa.

Nikafunika kalamu.

"Siweki, Hajji."

"Fikiri."

"Nimefikiri mpaka nimetapika. Yale maneno ni yangu. Nilimwandikia binti yako. Nikisema ni ya Shakul, kwamba Shakul ndiye aliyezaliwa Wanale na mama yake ndiye msuka tabaga, basi nimemkana mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu nije hapa nimlete akae kwenye kiti chako?"

"Unaniita mwizi ndani ya nyumba yangu?"

"Namwita mwanafunzi wangu mvivu. Hilo linatibika."

Hajji hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliinuka, akaenda ukutani, akalishika tabaga na kulivuta. Msumari ukatoka na plasta. Akalifuta vumbi kwa kiganja, taratibu, akaniwekea mikononi.

"Mrudishie mama yako," akasema. "Mwambie alisuka vizuri."

Lilikuwa jepesi. Sikuwahi kushika kitu chepesi hivyo. Hajji alijua maana yake kabisa, alikuwa amenisikiliza siku ile kuliko nilivyodhani. Nilisimama nimekishika kile kitu kitupu kama mwombaji aliyenyimwa. Nikaelekea mlangoni.

Twaibah hakuniachia njia.

"Subiri," akasema. Akaingia jikoni, nikasikia kopo linafunguliwa. Akarudi na kitu kati ya vidole viwili: tunda moja la kahawa, limekauka, jeusi. Bibi yake wa Budondo humpelekea kila mavuno. Desemba ile, kabla sijaenda Mbale, Twaibah alinionyesha miti ya bibi na kunieleza kwamba zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu wasioachana waligawana tunda moja. Ndani yake mna punje mbili, kila mmoja hutafuna yake. Tulicheka, tukaona haya, tukabadilisha mazungumzo.

Akalipasua kwa meno mbele ya baba yake. Punje moja akaitafuna, chungu vile vile, uso wake ukakunjamana. Nyingine akaiweka katikati ya tabaga.

"Baba," akasema, "chombo cha watu hakirudi kitupu."

"Twaibah!" Mama yake akadondosha sahani.

"Wewe umeona unafanya nini?" akauliza Hajji. Sauti yake laini ilikuwa imepasuka. "Kwa mtu anayemwangusha ndugu yako?"

"Mimi ndiye niliyemwangusha ndugu yangu. Nilimpa maneno ya mtu kama mtu anavyompa mtoto kisu. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakwenda kwa Bwana Emma nimwambie ni mimi."

"Watakufukuza kazi!"

"Labda."

Kisha Shakul akatoa chingamu mdomoni, akaibandika chini ya sahani yake. Nilitaka kumpiga kofi, lakini alikuwa ananitazama, na kidevu chake kinatetemeka.

"Mwalimu. Nikisema mimi mwenyewe, kabla haijatumwa, naweza kurudia?"

"Kama Bwana Emma atakubali. Kwa maneno yako."

"Maneno yangu iko kidogo."

"Machache yanatosha. Sema unapenda mpira. Lakini sema kwa nini."

Hajji akaketi. Aliichukua ile fomu bila saini kutoka kwenye mifupa, akaikunja mara nne, akanirudishia bila kuniangalia.

*

Twaibah alinisindikiza hadi kwenye geti. Jua lilikuwa bado kali, na ziwa nyuma ya vibanda lilikuwa jeupe kama bati. Nilibeba tabaga kwa mikono miwili, nikiogopa upepo usiichukue ile punje.

"Huitafuni?" akauliza.

"Hapana."

Akatazama pembeni. "Bado unanionea kinyaa."

Ningeweza kudanganya. Ni rahisi kwa mtu anayejua vina. "Ndiyo," nikasema. "Nikikutazama mdomo namsikia Shakul. Sijui kitaisha lini."

"Na ukinitazama macho?"

Nilimtazama. Ilikuwa kosa. Yalikuwa yale yale, mekundu kidogo, hayakuniomba kitu. Mistari niliyoiandika juu yake ilikuwa imeibwa, imetafunwa, imetemwa, lakini macho yenyewe hakuna aliyeweza kuyasoma kwa sauti.

"Usiniulize hilo leo," nikasema.

"Mama yako atauliza limerudi na nini."

"Nitamwambia limerudi na nusu."

Hapo akacheka, kwa shida, na chozi likapitia pembeni ya kicheko. Nikafunika punje kwa kiganja changu. Hakuna beti. Nilitaka maneno ya kawaida, yasiyo na vina, ambayo hata Shakul asingetaka kuyaiba.

"Twaibah," nikasema, na jina lake la kwanza likarudi mdomoni mwangu lenyewe. "Jumatatu saa mbili ukiingia kwa Bwana Emma, mimi nitakuwa nje ya mlango. Utoke na kazi au utoke bila kazi, utanikuta pale nimesimama, na punje hii iko mfukoni. Nitaitafuna mbele yako, hapo hapo. Nakuahidi."